Barabara ya Kilwa: Inakopita, Ilikotoka na Kazi Yetu Juu Yake

(Haya ni mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo wa kijiji kimoja kando ya barabara kuu, Wilaya ya Kilwa, siku ya kufunga darasa. Tunayachapa ili vikundi vingine vya kisomo navyo viyasome na kuyajadili.)

 

Niliombwa nije kuzungumza nanyi juu ya faida za kujua kusoma. Lakini faida hizo ninyi mnazijua kuliko mimi. Ninyi ndio mliokuwa mkitoka shamba, mnanawa miguu, mnakuja darasani na njaa. Mtu hawezi kufanya hivyo mwaka mzima kwa kitu asichojua faida yake.

Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya kitu tunachokiona kila siku. Kipo hapo, hatua chache kutoka kwenye mwembe huu. Tunakivuka tukienda kisimani. Watoto wanakivuka wakienda shule. Usiku tukilala tunasikia malori yakinguruma juu yake. Kitu hicho ni barabara.

Labda mtu atasema, "Barabara ina nini cha kuzungumza? Si lami tu hiyo?" Hapana, ndugu yangu. Barabara hii ina habari ndefu. Tena ina adui mmoja ambaye hajachoka tangu zamani, naye ni maji. Tukiijua habari yake tutajua namna ya kuitunza. Tusipoijua, siku moja tutaamka tukute tumekatwa na dunia.

INAKOPITA

Kwanza tuifuate barabara yenyewe kutoka mwanzo.

Inaanzia Dar es Salaam. Huko wanaiita Barabara ya Kilwa. Sisi huku tunaiita barabara ya Dar. Barabara ni moja, lakini kila mtu anaiita kwa jina la anakokwenda.

Ukitoka mjini unapita Mtoni, unapita Mbagala, unaingia Mkoa wa Pwani. Unapita Vikindu na Mkuranga, nchi ya minazi, mikorosho na machungwa. Unafika Kibiti, kisha Ikwiriri. Mbele ya Ikwiriri unakutana na Mto Rufiji. Hapo kuna Daraja la Mkapa. Ukivuka, unapita Ndundu na Nyamwage, halafu unaingia Mkoa wa Lindi na kufika Somanga, karibu na bahari. Wote mnapajua Somanga kwa samaki wa kukaanga wanaouzwa dirishani mwa basi.

Kutoka Somanga unavuka Mto Matandu, unafika Nangurukuru. Hapo njia inagawanyika. Ukikata kushoto unakwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Ukinyoosha unapita Kiranjeranje, unavuka Mto Mbwemkuru, unapita Mchinga na kufika Lindi mjini. Ukiendelea unafika Mingoyo. Hapo tena njia ni mbili. Moja inakwenda Mtama, Ndanda na Masasi. Nyingine inakwenda Mikindani na Mtwara.

Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni kama kilomita 450. Hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Inapita katika mikoa minne: Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara.

Sasa hebu angalieni jambo moja. Katika kuifuata njia hii nimetaja Rufiji, Matandu na Mbwemkuru. Karibu na Mingoyo kuna Mto Lukuledi. Mito hii inatoka bara, inakwenda baharini. Barabara yetu inatoka kaskazini, inakwenda kusini. Maana yake ni nini? Maana yake barabara inaikata mito yote njiani. Mahali pote hapo, maji na barabara vinagombea njia. Lishikeni jambo hili, tutalirudia.

KABLA YA MAGARI

Msidhani njia hii ilianza na magari. Watu waliitembea kwa miguu zamani sana.

Kilwa ilikuwa mji mkubwa wakati Dar es Salaam haijakuwapo. Mwaka 1331 msafiri kutoka Moroko aitwaye Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani akausifu mji ule. Dhahabu kutoka Sofala, kusini mwa Afrika, ilipita Kilwa. Magofu ya msikiti mkubwa yapo mpaka leo. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini utajiri wa Kilwa ile ulikuja kwa majahazi. Njia yake kubwa ilikuwa bahari.

Njia ya nchi kavu ina habari ya uchungu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Watu walikamatwa mpaka huko Ziwa Nyasa, wakaletwa Kivinje kwa miguu, wakapakiwa majahazini kwenda Zanzibar.

Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alitia sahihi mkataba na Waingereza. Mkataba ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Basi wenye biashara ile wakafanya nini? Hawakuiacha. Waliacha majahazi tu. Wakaanza kuwatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, wakivuka Rufiji, kufuata pwani hadi Dar es Salaam, Bagamoyo na Pangani.

Mwisho wa mwaka ule ule Mwingereza mmoja, Frederic Elton, alitoka Dar es Salaam kuja Kilwa kwa njia hiyo. Njiani alikutana na misafara ya watumwa, akawa anaihesabu na kuiandika. Kwa muda wa kama mwezi mmoja alihesabu watu zaidi ya 4,000. Mwaka 1876 Sayyid Barghash akapiga marufuku misafara ya nchi kavu nayo.

Basi ndugu zangu, sisi tunasafiri upande huo huo katika basi, redio inaimba, mtoto amelala mapajani. Kabla yetu wamepita watu waliofungwa minyororo shingoni. Watoto wetu waambiwe.

Wakaja Wajerumani. Wao walitaka kodi, walitaka pamba, na walitaka watu wafanye kazi za shuruti, pamoja na kazi za barabara. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, magharibi ya barabara yetu, watu waling'oa pamba ya Wajerumani shambani. Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akitoa ile dawa ya maji huko Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vikaendelea mpaka 1907. Watu wengi sana walikufa, wengi wao kwa njaa.

Kwa hiyo babu zetu hawakuipenda barabara ya Mjerumani. Walikuwa na sababu. Ilikuwa barabara ya kuchukua mali, haikuwa barabara ya kwenda hospitali.

RELI ILIYONG'OLEWA NA PANTONI

Waingereza nao waliwahi kutujengea reli huku kusini. Mwaka 1947 walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu hizo. Walitaka njia ya kutoa karanga, wakajenga bandari ya Mtwara na reli. Lakini karanga hazikupatikana kama walivyotegemea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ikabaki bila mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa.

Baada ya hapo mzigo wa kusini ukabaki juu ya mabega ya meli na barabara. Na barabara ilikuwa ya udongo.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kuliko mimi. Kiangazi ilikuwa vumbi. Masika ilikuwa tope. Ule udongo mweusi wa bonde la Rufiji mnaujua. Ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukilowa unanata kama ugali. Gari likiingia halitoki. Mvua kubwa zikinyesha, njia ilikuwa ikifungwa, na mtu wa Mtwara aliyetaka kwenda Dar es Salaam alitafuta meli au ndege, au alikaa nyumbani.

Pale Rufiji hapakuwa na daraja. Magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu. Pantoni ikiharibika, magari yanasubiri. Mto ukijaa, magari yanasubiri. Mama ana mgonjwa ndani ya gari, naye anasubiri. Samaki wanaoza, wanasubiri. Watu walijua siku ya kuondoka nyumbani, lakini siku ya kufika aliijua Mungu.

DARAJA NA LAMI

Tarehe 2 Agosti 2003 daraja la Rufiji lilifunguliwa. Urefu wake ni kama mita 970, karibu kilomita nzima. Lilipewa jina la Rais wa wakati ule, Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa kusini, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Alifariki mwaka 2020. Siku daraja lilipofunguliwa, ile foleni ya pantoni ikawa hadithi.

Lakini daraja peke yake si barabara. Lami iliwekwa vipande vipande, huku kipande, kule kipande. Kipande kilichobaki mwisho kabisa kilikuwa kile cha kama kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga. Miaka mingi mtu alitoka Dar es Salaam kwenye lami, akaingia tope, akatoka tope, akarudi kwenye lami.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nililala katika tope hilo. Basi letu lilizama jioni. Abiria wanaume tulishuka tukasukuma mpaka tukachoka. Utingo alikata matawi akayaweka chini ya matairi. Haikusaidia kitu. Tukalala humo humo. Mama mmoja aliyekuwa na ndizi alizigawa kwa watoto wote wa basi, hata wasio wake. Asubuhi lori lilikuja likatuvuta. Kilomita 60 zile tulizipita kwa saa 19.

Katikati ya miaka ya 2010 kipande hicho nacho kilikamilika. Leo mtu anatoka Mtwara alfajiri, jioni yupo Dar es Salaam. Korosho, ufuta na samaki vinapita. Saruji inatoka Mtwara, ambako kiwanda kikubwa kilianza kazi mwaka 2015. Wagonjwa wanapita kwenda hospitali kubwa.

Basi sisi tukasema, "Tumemaliza. Adui ameshindwa." Kumbe adui alikuwa amepumzika.

MEI 2024

Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makubwa. Mwezi wa Aprili Mto Rufiji ulifurika, ukaingia katika mashamba na nyumba za watu, pamoja na wale wa Muhoro. Mvua ya kwetu peke yake isingetosha kufanya hivyo. Rufiji unakusanya maji ya Mbeya, Iringa, Njombe, Morogoro, hata ya upande wa Ruvuma. Mvua ikinyesha Mbeya, mtu wa Rufiji ataijua.

Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga kilichoitwa Hidaya. Mvua ilinyesha kwa wingi katika wilaya yetu hii ya Kilwa. Maji yalibeba makalavati, yakakata tuta la barabara mahali kadhaa upande wa Somanga na Matandu. Pale palipokuwa na lami pakawa na korongo. Mabasi na malori yakasimama upande huu na upande ule, watu wakatazamana kama wapo nchi mbili.

Njia ikabaki moja: kuzunguka kwa Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa. Hebu tufanye hesabu kidogo. Njia ya kawaida kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Njia ya kuzunguka ni zaidi ya kilomita 1,500. Ukitoa 560 katika 1,500 unabaki na 940. Maana yake ni kilomita 940 za nyongeza, na mafuta yake, na nauli yake, na muda wake. Mgonjwa hana kilomita 940 za nyongeza.

Siku kadhaa usiku na mchana mafundi walimwaga mawe na kifusi mpaka magari yakaanza kupita tena. Baadaye kazi ya kujenga madaraja makubwa zaidi ikaanza mahali ambapo makalavati yalishindwa.

KWA NINI BARABARA HUKATIKA

Ninyi ni wakulima wa mpunga. Kwa hiyo jambo hili mtalielewa haraka kuliko wasomi wa mjini.

Mnapolima mpunga mnatengeneza majaruba, na mnainua kingo zake. Ukingo kazi yake ni kuzuia maji. Lakini mnaacha tundu la kutolea maji yakizidi. Je, tundu hilo likizibwa na majani, inakuwaje? Maji yanapanda. Yanapanda mpaka juu ya ukingo. Yakianza kumwagika upande wa pili yanachimba udongo. Kidogo, kidogo, halafu ukingo wote unakwenda kwa mara moja.

Barabara ni ukingo mrefu. Kwa kuwa inakwenda kaskazini na kusini, nayo mito na vijito vinakwenda mashariki, baharini, barabara inazuia maji yote ya wilaya hii. Tundu lake ni kalavati, yaani lile bomba kubwa la zege linalopita chini ya barabara, na daraja. Kalavati likizibwa na mchanga, mabua, magogo na mifuko ya plastiki, maji yanapanda. Yakivuka juu ya lami yanachimba upande wa pili. Lami haina mizizi. Udongo wa chini ukiondoka, lami nayo inavunjika kama ukoko wa wali.

Tena kuna adui wa polepole. Mtaro wa kando ya barabara ukizibwa, maji hayaondoki. Yanasimama kando, yanazama chini ya lami, yanalainisha udongo. Halafu lori linapita. Lori lenye mzigo halali linaweza kufika tani 56 pamoja na uzito wake, na ndiyo maana tunaona mizani barabarani ya kuwazuia wanaozidisha. Tani 56 juu ya udongo laini huzaa ufa. Ufa unaingiza maji zaidi. Ufa unakuwa shimo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisemi kwamba kimbunga cha mwaka 2024 kililetwa na taka za kijiji. Mvua ile ilikuwa kubwa kuliko makalavati yenyewe, na kujenga daraja kubwa ni kazi ya serikali, tunayo haki ya kuidai. Lakini si kila mwaka kuna kimbunga. Kila mwaka kuna masika. Na mara nyingi barabara inaliwa na masika ya kawaida na mtaro uliozibwa.

Leo asubuhi nimetembea kutoka kwenye zahanati mpaka hapa. Nimepita makalavati matatu. Moja lipo safi. La pili lina mchanga mpaka nusu. La tatu mtu amepanda migomba kwenye mdomo wake, na migomba imestawi vizuri sana. Sitaki kujua ni ya nani. Lakini mwenyewe amenielewa.

MINAZI 21

Sasa nitasema jambo la nyumbani kwetu, kwa sababu linahusu barabara na linahusu kisomo.

Babu yangu aliishi kando ya barabara hii, huku huku kusini. Barabara ilipotaka kupanuliwa ili iwekwe lami, walikuja watu wa kuhesabu mali itakayoondolewa, ili wenye mali walipwe fidia. Fidia ni malipo ya kitu chako kilichochukuliwa kwa ajili ya wote. Babu alikuwa na minazi 21 upande ule. Waliihesabu mbele yake. Wakaandika karatasi. Wakamwambia, "Mzee, tia dole gumba hapa." Akatia.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Jioni niliporudi shule aliniletea nakala ile nimsomee. Nikasoma jina lake. Nikasoma nyumba ya miti, moja. Nikasoma minazi 12. Nikanyamaza. Nikasoma tena. Minazi 12.

Nikamwambia. Babu alikaa kimya. Kisha akaweka kidole juu ya ile tarakimu, akaniuliza, "Hii ya kwanza ni moja au mbili?"

Nikasema, "Ni moja, babu."

Huenda mwandishi alikosea tu. Tarakimu ni zile zile, 1 na 2. Zikigeuzwa, minazi tisa inapotea. Lakini dole lilikuwa limeshatiwa. Babu alikwenda kulalamika mara mbili, akaambiwa karatasi yako mwenyewe ndiyo inasema hivyo. Mara ya tatu hakwenda.

Leo kila mmoja wenu anaweza kusoma 12 na 21. Wengine mtadhani ni jambo dogo. Mimi nalijua kuwa ni minazi tisa.

KAZI YETU

Ndugu wanakisomo, nina mambo manne ya kuwaomba. Siyo mengi.

La kwanza, tuisome barabara. Kila kibao kina neno lake. Namba 50 katika duara jekundu inamwambia dereva asizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa anapopita kijijini. Nguzo za kando zinaonyesha kilomita. Pakitokea ajali au barabara ikikatika, ukisema "ni karibu na kwa mzee fulani" aliye mjini hatapajua. Ukimsomea namba ya nguzo ya kilomita atapajua hapo hapo. Wafundisheni na watoto.

La pili, tujue mpaka wa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inasema eneo la barabara kuu ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Jumla ni mita 60. Eneo hilo huitwa hifadhi ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu kila upande. Kwa hiyo ziliongezwa mita saba na nusu. Anzeni katikati ya barabara kwa macho, kisha hesabuni hatua ndefu 30 kwenda upande wa nyumba zenu. Mtaona mlipo.

Ndiyo maana kuna nyumba zilizowekewa alama ya X. Alama nyekundu maana yake mtu amejenga ndani ya eneo la barabara, atatakiwa kuondoka bila fidia. Alama ya kijani maana yake sheria ndiyo iliyomfuata mtu, na eneo lake likihitajiwa anastahili fidia. Rangi hizi mbili zina tofauti kubwa. Kabla ya kununua kiwanja kando ya barabara, piga hatua zako, uliza ofisi ya kijiji, na usikubali maneno ya mdomo.

La tatu, tusitie dole wala sahihi katika karatasi tusiyoisoma. Akija mtu wa kuhesabu mali, mhesabu pamoja. Andika na wewe katika daftari lako. Linganisha. Pakiwa na tofauti, sema kabla ya kutia sahihi, maana baada ya hapo ni tabu. Omba nakala, uitunze mahali pasipovuja.

La nne, tufungue njia ya maji. Barabara hii ni yetu, tena tunailipia. Kila anayenunua petroli ya bodaboda analipa ndani yake tozo inayokwenda katika Mfuko wa Barabara. Tangu mwaka 2000 barabara kuu zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za vijijini na za mitaa zinasimamiwa na TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Mkiona kalavati limepasuka au ukingo unaliwa, andikeni barua. Ndiyo, barua! Kikundi cha kisomo kiandike, Mtendaji wa Kijiji aipitishe, nakala ibaki. Andikeni tarehe, jina la mahali, namba ya nguzo ya kilomita, na mlichokiona. Barua fupi yenye mambo hayo manne inafanya kazi kuliko malalamiko ya mwaka mzima chini ya mwembe.

Lakini mchanga, mabua na mifuko hatuhitaji barua. Tunahitaji majembe. Kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika, asubuhi moja inatosha kwa makalavati yote matatu. Tusichimbe ukingo, tusiguse zege, hiyo ni kazi ya mafundi. Sisi tuondoe taka tu, na watu wawili wasimame na vitambaa vyekundu kuwaonya madereva. Yule mwenye migomba naye aje na panga lake. Ndizi zilizokomaa tutamsaidia kuzibeba.

Ndugu zangu, njia hii wamepita watumwa kwa miguu. Wamepita babu zetu wakiwa katika kazi ya shuruti. Tumepita sisi katika tope. Leo wanapita watoto wetu kwenye lami. Kila mara maji yamejaribu kuikata, na kila mara watu wameiunga. Safari hii watu hao ni sisi.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Barabara au njia kubwa ya kijiji chenu inaanzia wapi na inaishia wapi? Waulizeni wazee: ilikuwaje kabla ya magari? Andikeni majibu yao.

2. Hesabuni makalavati na madaraja yaliyo katika eneo la kijiji chenu. Mangapi yapo wazi? Mangapi yamezibwa, na yamezibwa na nini?

3. Mtu ana miembe 35 lakini karatasi imeandikwa 53. Anasema, "Hiyo ni faida yangu, ninyamaze." Je, mnamshauri nini? Kwa nini?

4. Andikeni barua moja fupi juu ya sehemu ya barabara inayoharibika kijijini kwenu. Msisahau tarehe, mahali, namba ya nguzo ya kilomita, na mlichokiona.